Risasi zimefika Dar, bunduki imebaki njiani, shemeji yangu kavunjika bega. Shirika la ndege linatoa pole kwa mzungu tu!

Wakuu, salaam.

Mimi humu ni msomaji, naingia napita. Leo nimefika mwisho. Mods uhamisheni uzi huu jukwaa lolote mnalotaka lakini msiufute, maana sijataja shirika, sijataja ofisi, sijataja mtu.

Kazi yangu ni kupokea wageni wa uwindaji wa kitalii hapa Dar. Ukipita Terminal 3 usiku wa manane ukaona jamaa ana kibao chenye jina la mzungu, macho mekundu, shati limenyooka kuliko mwenyewe, yaweza kuwa ndiye mimi. Kumpokea mtu ni dakika kumi. Shughuli ni boksi la bunduki.

Na wale wa "kwa nini mnaua wanyama", nawaomba kwa heshima mfungue uzi wenu nitakuja kuchangia. Sisi wenyewe tulifunga uwindaji mwaka 1973 tukafungua tena 1978, Kenya wakafunga 1977 na hawajafungua mpaka leo. Mjadala huo ni mkubwa kuliko mimi. Hapa naongelea boksi.

Nianze na inavyotakiwa iwe, msije mkasema huyu analalamika hajui kitu. Mgeni mwenye bunduki yake hakurupuki. Mapema kabisa kampuni inamwombea kibali cha muda cha kuingiza silaha, na humo kunaandikwa aina ya bunduki, ukubwa wake, idadi ya risasi, na ile namba iliyochongwa kwenye chuma. Bastola hapana. Zile zinazojikoki zenyewe hapana. Kwa nyati, simba na tembo hairuhusiwi chini ya .375, yaani upana wa risasi kwa inchi. Kama kwao ni Marekani, anabeba bunduki yake mpaka ofisi ya forodha, anagongewa fomu inaitwa 4457, ushahidi kwamba aliondoka nayo, asije akasumbuliwa akirudi kama vile kainunua ugenini. Uwanjani anaitangaza kaunta ikiwa tupu, ndani ya boksi gumu lenye kufuli. Risasi kwenye pakiti yake, zisizidi kilo 5. Akipitia Amsterdam, forodha ya Uholanzi nayo iombwe ridhaa mapema, hata kama boksi halitatoka nje ya uwanja. Na shirika la ndege likubali kwa maandishi kwamba litaibeba, kwa tarehe ile na kwa namba ya safari ile.

Hapo kwenye namba ya safari ndipo tulipochinjiwa.

Mgeni wetu wa Agosti alikuwa mzee wa miaka 68, fundi bomba mstaafu. Watu wanadhani kila anayekuja kuwinda ana visima vya mafuta. Huyu alidunduliza miaka tisa aje apige nyati wawili kwa siku 10. Tena mzee anatumia mkono wa kushoto, na bunduki yake .375 imetengenezwa hivyo, kishikio cha kukokia kiko kushoto. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Ndege yake ya kwanza ikachelewa hukohuko kwao. Shirika likamhamishia safari nyingine, na njia ya kupitia ikabadilika. Mtu wakamhamisha. Begi la nguo wakalihamisha, na risasi zilikuwa humo kwenye kisanduku chake. Lakini ridhaa ya bunduki ilikuwa imeandikwa kwa safari ileee ya mwanzo. Wale wa uwanja wa katikati wakaona boksi la silaha lisilo na karatasi ya safari hiyo, wakaliweka pembeni. Sheria za kwao, siwalaumu. Ninaowalaumu ni shirika lenyewe, ambalo tiketi limeuza lenyewe, ridhaa limeandika lenyewe, safari limebadilisha lenyewe, halafu halikumwambia mtu yeyote. Mzee kapanda ndege anatabasamu.

Saa saba usiku mkanda wa mizigo unazunguka. Begi la nguo limekuja. Mkanda ukasimama.

"Dada, boksi la bunduki liko wapi?"

"Mfumo unaonyesha limepakiwa, kaka."

"Limepakiwa wapi? Mkanda si huu umesimama?"

"Ndivyo mfumo unavyoonyesha."

Sasa nina mzee wa watu, nina risasi 60 za .375, sina bunduki. Nikaenda kwa afande kuzitangaza, maana hizo huwezi kupita nazo kimyakimya kama umebeba korosho. Akasoma kibali, akanitazama.

"Kijana, hapa pameandikwa bunduki moja na risasi sitini. Risasi naziona. Bunduki iko wapi?"

"Inakuja, afande."

"Inakuja na nani?"

Wakuu, hilo swali sijalijibu mpaka leo. Afande akazifungia risasi kwenye ghala la silaha, na mimi nasema alifanya sawa. Tulitoka pale saa kumi alfajiri.

Saa mbili asubuhi kindege cha kukodi kilikuwa kinamsubiri Terminal 1. Kibali cha kuwinda kina siku zake, zinaanza kuhesabika na hazisubiri boksi. Mzee akaenda porini, upande wa Liwale, mikono mitupu. Mimi nikabaki na kazi ya kutafuta.

Siku nne. Nakaa Gongo la Mboto, kila siku natoka gizani niwahi mjini kwenye ofisi ya shirika, ghorofani, inafunguliwa saa tatu. Siku ya kwanza: andika barua pepe. Nikaandika, ikajibu mashine. Siku ya pili: anayeshughulikia silaha yuko likizo. Yaani shirika linaruka mabara manne na anayejua habari za bunduki ni mtu mmoja, na kaenda kwao kula likizo! Siku ya tatu nikaambiwa nipige simu nje, nikasikilizishwa muziki mpaka salio likakata. Siku ya nne hakuna aliyekumbuka kwamba siku tatu zote nilikuwa nimekaa kiti kilekile. Nauli, vocha na chapati za mama ntilie, nimetoboka 85,000 yangu.

Usiku wa siku ya tano boksi likaja, bila taarifa. Nimejulishwa na mbeba mizigo mmoja ninayefahamiana naye, Mungu ambariki. Nikakimbia na bodaboda. Zamu ile alikuwa afande mwingine. Likafunguliwa, namba ikasomwa kwenye chuma, ikasomwa kwenye kibali. Kwenye chuma kuna sifuri. Kwenye kibali kuna herufi O.

Hili ni kosa letu, silifichi. Mtu wa kompyuta pale ofisini kwetu alibonyeza O badala ya 0 na hakuna aliyehakiki, na mimi nikiwemo. Ila sikilizeni kilichofuata: "Mwenye bunduki aje mwenyewe." Yuko porini afande, ni ndege zaidi ya saa nzima. "Aje." Nina barua yake ya kunipa mamlaka, ina sahihi, ina muhuri wa kampuni. "Barua hatutumii." Wiki mbili nyuma, dawati hilohilo, zamu nyingine, barua ya aina hiyohiyo nilimchukulia mgeni mwingine bunduki mbili na nikaambiwa safari njema! Barua inafaa au haifai kutegemea nani kaamkia zamu. Kuna siku nyingine niliambiwa fomu 4457 ya mgeni imekwisha muda, kwa kuwa juu pembeni ina tarehe iliyopita. Ile tarehe ni ya karatasi, ya uchapaji wa fomu yenyewe, haihusiani na bunduki wala mwenye bunduki. Nilieleza saa moja na nusu nikanyamaza, nikasubiri zamu ibadilike. Ikabadilika, nikapita.

Safari hii zamu ilibadilika mara tatu na hakuna aliyetaka kugusa alichokataa mwenzake.

Sasa porini. Mzee kapewa bunduki ya kambi, .375 nzuri tu, lakini ya watu wa mkono wa kulia. Ambaye hajawahi kuwinda hawezi kuona tatizo. Tatizo ni risasi ya pili. Nyati ukimpiga ya kwanza hasubiri, unatakiwa ukoki upige tena palepale, na mzee inambidi apitishe mkono juu ya bunduki kama anayefungua dirisha la daladala kutokea nje. Ya kwanza ikaingia nyuma kidogo ya bega, chini. Ya pili haikutoka kwa wakati. Nyati akaingia vichakani na maumivu yake.

Anayetangulia kwenye damu hapo si mgeni wala si bosi. Ni msakaji nyayo, na msakaji wa kambi ile ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wamefuata ile damu siku mbili. Siku ya pili nyati akatokea pembeni, hatua kumi hazifiki. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, alimwangusha, lakini shemeji wakati anaruka kupisha akaangukia gogo, mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, ukavunjika. Nashukuru Mungu yuko hai. Ila mtu wa kusaka nyayo analipwa kwa msimu, msimu ulifunguliwa 1 Julai, na yeye tangu Agosti amekaa Mbagala mkono umefungwa shingoni. Watoto watatu.

Malipo sasa. Shirika limemtumia mzee barua ya pole na maili za kusafiria bure. Mzee mwenyewe, sitamsema vibaya, alimwachia shemeji pesa na alilia akiaga. Shemeji kutoka kwa shirika: hakuna, hata hawajui kama yupo. Mimi: bosi kanikata siku tano, eti "kazi yako ni bunduki, na bunduki haikufika".

Na bunduki? Siku ya kuondoka mzee alisimama mwenyewe mbele ya dawati, wakamkabidhi ndani ya dakika ishirini. Ile O hakuna hata aliyeiuliza. Risasi zikahesabiwa, sitini, zilezile. Bunduki imetoka Marekani mpaka Dar ikarudi bila kuona jua la Tanzania.

Ninyi mashirika, mkimhamisha mtu mwenye silaha, hamisheni na ridhaa yake, au mwambieni kabla hajapanda aamue mwenyewe kama asubiri. Na lile dawati bandikeni ukutani barua gani inakubalika, tuje nayo, tusiwe tunabahatisha zamu.

NAONGEZEA: Mdau aliyesema "si wakodi bunduki hukuhuku", wanakodi mkuu, wengi siku hizi, kwa sababu ya upuuzi kama huu. Lakini nitajie kambi yenye .375 ya mkono wa kushoto imekaa inasubiri wageni.

NAONGEZEA TENA: Aliyesema ningetoa hela ya soda boksi litoke. Silaha sitoi soda. Ikija kukutwa ina shida namba, kwenye karatasi ya kuipokea jina ni langu, si lako.

Sasa hivi kila mgeni namwambia apige picha ile namba kwenye chuma anitumie WhatsApp, na ofisini naikagua mwenyewe herufi kwa herufi kabla kibali hakijaombwa. Kesho asubuhi nampeleka shemeji kliniki akafunguliwe bandeji, mtakaouliza nitawajibu nikirudi.