Nguzo za bomba zinazojazwa zege: bolti zipite pande zote mbili au zishike upande mmoja?

Dada wa Saiti
Habari zenu wakuu. Nasimamia jengo la ghorofa moja huku Kigamboni, chini maduka, juu ofisi. Nguzo ni mabomba ya mraba ya milimita 200 kwa 200, unene milimita 6. Zimeshasimamishwa, zege la ndani bado. Mchoro wa injinia unataka kila bimu ya chuma ifungwe kwa bolti M20 (kipenyo milimita 20) za daraja la nguvu 8.8 zinazopita nguzo nzima na kutokea upande wa pili. Fundi anasema kulenganisha matundu kutamchelewesha. Anataka tumwage zege kwanza, halafu atoboe upande mmoja na kuweka bolti za kutanuka. Tukimkatalia, yuko tayari kukata nyuzi kwenye ukuta wenyewe wa bomba. Mwenye jengo ameanza kumsikiliza. Nguvu itabaki ileile? Jumatatu tuna kikao, naombeni hoja.

Mtoto wa Gerezani
Dada, zege likikomaa bolti haitoki. Mashine tunazifunga hivyo kila siku na zinatikisika mchana kutwa.

Nguzo na Bimu
Mkuu, mashine inakandamiza sakafu. Hapa mwisho wa bimu unataka kuzunguka, kwa hiyo bolti za juu zinavutwa kwenda nje. Hapo ndipo penye kazi.

Kwa hesabu za Eurocode 3, kanuni za Ulaya za majengo ya chuma, M20 ya 8.8 inahimili mvuto wa takriban kN (kilonyutoni) 141 na mkato wa kN 94. Hiyo ni bolti peke yake. Kwenye bomba, kinachoachia mapema mara nyingi ni uso wa bomba: bati la milimita 6 lililoshikwa kwenye kona tu, likivutwa katikati linavimba. Zege linauzuia uso usibonyee ndani, lakini kwenda nje haliuzuii. Ndiyo maana injinia wako kazipitisha. Bolti ikivutwa mbele, kichwa chake kilicho nyuma kinakandamiza ukuta wa nyuma kwenye zege, na zege uhodari wake uko kwenye mgandamizo. Ukifunga upande mmoja umeikata njia hiyo.

Za kukata nyuzi, hapana kabisa. Uzi wa M20 una hatua ya milimita 2.5, kwa hiyo ukuta wa 6 utapata nyuzi mbili na kidogo. Nati ya kawaida ina unene wa karibu milimita 18.

Mtoto wa Gerezani
Hapo kwenye kuvimba nimekuelewa, injinia. Basi dada, kulenganisha kusiwatishe. Kateni kiolezo cha bati chenye matundu yote, pigeni mstari wa katikati pande zote mbili kwa kutumia levo moja, mtoboe kila upande kutokea nje kwa drili ya sumaku. Matundu ya M20 ni milimita 22. Msitoboe kwa gesi, tundu linatoka na meno. Kisha pitisheni vibomba vyembamba vya chuma ndani kabla ya zege, njia ya bolti isizibe.

Mama Vifaa
Mwanangu, ukienda Kariakoo kununua, soma kichwa cha bolti. Kama hakuna 8.8, usichukue hata ukiapiwa. Ya 4.6 ina nusu ya nguvu na kwa macho zinafanana. Nati nazo ziwe daraja 8. Kigamboni kuna chumvi, chukua zilizopakwa zinki kwa kuchovya.

Dada wa Saiti
Shikamoo mama, nimekupata. Injinia, vipi zile bolti za upande mmoja za Uingereza, Hollo-Bolt?

Nguzo na Bimu
Ni nzuri, ila M20 yake inataka tundu la milimita 33, na lazima ifungwe kabla ya zege kwa sababu inafunguka nyuma ya ukuta. Pia uso wa bomba uhesabiwe upya. Habadilishi mtu mchoro ila injinia aliyesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, tena kwa sahihi yake.

Kuna jambo fundi hajaligusa: mzigo wa bimu unaingiaje kwenye zege? Eurocode 4, ya chuma na zege vikifanya kazi pamoja, inaruhusu mshikamano wa zege na chuma wa N/mm² 0.40 kwa bomba la mraba, ndani ya urefu usiozidi mara mbili ya upana. Kwenu ni mzingo wa ndani milimita 752, mara 400, mara 0.40: kama kN 120. Mzigo wa kwenda kwenye zege ukizidi hapo, muulize injinia wako njia nyingine aliyoipanga. Muulize pia matundu ya mvuke, moja juu na moja chini kila ghorofa, yasipungue milimita 20. Moto ukiwaka, maji yaliyo kwenye zege yanageuka mvuke, na mvuke uliofungiwa unapasua bomba.

Dada wa Saiti
Ndani ya mabomba kuna mafuta ya kiwandani na kutu. Vinaathiri hiyo 0.40?

Nguzo na Bimu
Sana. Namba hiyo ni ya chuma kisicho na rangi, mafuta wala kutu inayobanduka. Yasafisheni kwanza kwa sabuni ya kukata mafuta, brashi ya waya yenye mpini mrefu, kisha maji, na maji yote yatoke chini kabla hamjamwaga.