Mjadala: Faini ya kukosa mkutano wa chama cha wataaluma ifutwe?

Mhasibu, Nakuru

Wenzangu, naomba tulizungumze hili waziwazi. Chama chetu cha wahasibu hapa mjini humtoza mwanachama shilingi 500 kila anapokosa mkutano wa mwezi. Sasa kamati inapendekeza iwe 1,000, kwa kuwa mahudhurio yameshuka. Mimi napinga, na nasema faini yenyewe ifutwe.

Ushuru wa mishahara unatakiwa ufike kabla tarehe 9 haijapita, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kabla ya tarehe 20 kwisha. Mkutano wetu uko Jumamosi ya tatu, ambayo kila mwezi huangukia kati ya tarehe 15 na 21. Yaani tumechagua wiki ambayo mhasibu hana hata nafasi ya kula! Tunaitwa saa nane, tunaanza saa tisa na nusu. Saa nzima inaishia kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita, kisha mweka hazina anasoma majina ya wasiolipa ada. Mambo ya kazi yanasukumwa mpaka "mengineyo", watu wakiwa tayari wameshika funguo za gari.

Mwishoni mwa 2023, tulipojua kwamba kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haitakubaliwa kwenye hesabu za kodi, tuliitisha kikao kimoja cha jioni kwa jambo hilo tu. Viti vilikwisha, watu wakasimama ukutani. Mwenzetu mmoja alifungua kompyuta yake akatoa ankara mbele yetu, hatua kwa hatua, akikosea na kurudia, na kila mtu akaandika. Hakuna aliyekuwa ametishiwa faini.

Wakili, Kisumu

Dada, hapo umegusa penyewe. Sisi mawakili tunabanwa na kanuni: pointi 5 za mafunzo endelevu kila mwaka, na cheti cha kufanyia kazi kinakwisha 31 Desemba. Basi watu wanakuja, lakini wanakujaje? Wanatia sahihi, wanakunywa chai, wanatoweka. Kulazimisha kunakupa sahihi tu.

Ila mafunzo ya mtandaoni msiyaguse. Kutoka huku hadi Nairobi ni kama kilomita 350. Zamani pointi moja ingekugharimu nauli, chumba cha hoteli na siku mbili za kazi.

Mzee wa klabu, Kisumu

Wanangu, naona mnahesabu faida peke yake. Rotary, huo mtandao wa vilabu vya kujitolea, ilianza Chicago mwaka 1905, na kwa miaka mingi kukutana kila wiki ndiko kulikoishikilia. Mtu alijua Alhamisi ni Alhamisi.

Nilipofiwa na mke wangu, waliofika nyumbani kabla hata sijapiga simu ni wale niliokuwa nikikaa nao meza moja kila wiki. Wengine walituma pesa na ujumbe, nikashukuru. Lakini siku ile nilihitaji watu. Mkifuta faini leo, kesho mtafuta mkutano, na keshokutwa mtabaki kundi la WhatsApp la kuchangia matanga ya watu msiowajua sura.

Wakili, Kisumu

Shikamoo mzee, na pole tena. Lakini Rotary hao hao, mwaka 2016, waliviruhusu vilabu vyao kukutana mara mbili tu kwa mwezi vikitaka. Waliona watu wamebadilika.

Muuguzi, Kakamega

Mimi nauliza: ni nani hasa anayelipa hizi faini? Kwenye chama chetu ni walio zamu ya usiku na akina mama wenye watoto wadogo. Ndio hao hao ambao hawapo faini inapopandishwa. Waliopo Jumamosi wanapiga kura juu ya wasiokuwepo, halafu tunaambiwa katiba imesema. Nimeshalipia zamu niliyopangiwa na mwajiri, kana kwamba nilikuwa harusini. Hilo linaniuma kuliko hizo pesa.

Mhasibu, Nakuru

Marahaba... samahani, shikamoo mzee wangu! Nimeisoma hoja yako zaidi ya mara moja, na kuhusu watu kukaa pamoja sina la kukupinga. Tofauti yetu ni faini. Wale waliokuja kwako walikuja kwa sababu mlikuwa mmekaa mkazungumza, na sisi huo mkao wa kuzungumza hatuna. Tuna rejista.

Ninachopeleka kwenye mkutano mkuu ni hiki. Mkutano uhamie Jumamosi ya mwisho, VAT ikiwa imeshapita. Kumbukumbu zitumwe siku moja kabla, zisisomwe ukumbini. Kazi ianze: mtu alete faili lililomshinda, bila jina la mteja, tulivunje pamoja. Chakula kibaki, tena kiongezwe muda, maana hapo ndipo wageni wanapojua wa kumpigia simu. Na kila mwanachama mpya apewe mkongwe mmoja wa kumshika mkono mwaka wa kwanza.

Dada muuguzi ameniongezea jambo ambalo sikuwa nimeliwaza: kura. Kabla ya pendekezo lolote kati ya haya, nitaomba walio kazini waruhusiwe kupiga kura kwa simu. Kamati ikikataa hilo, faini itapanda hadi 1,000 na tunajua ni nani watakaokuwa ukumbini kuipitisha.

Mzee wa klabu, Kisumu

Marahaba. La faili nimelipenda. Kura ya simu sijakubali bado. Nieleze mtajuaje aliyepiga ni mwenyewe.