Siamini Mungu, lakini ni mhafidhina. Kosa langu ni lipi?

Mkulima wa Rungwe
Wakuu, naomba hoja. Huu ni mwaka wa tisa siamini Mungu. Lakini naamini ndoa, naamini mahari, nataka mtoto aamkie wakubwa, na sipendi mtu mzima anayeishi kwa jasho la wenzake. Wiki iliyopita kwenye kundi la ukoo shangazi alituma sauti ya mtu anayejiita daktari, akidai chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inawafunga kizazi mabinti zetu. Nikauliza: daktari gani, wa hospitali gani? Basi, imekuwa kesi. Binamu yangu akafukua maneno niliyoandika zamani kuhusu dini, akayapiga picha, yakafika hadi kundi la kwaya ya mama. Jumapili ile mama hakutoka nje. Nauliza: asiyeamini haruhusiwi kusema "huu ni uongo"?

Mzee wa Bandarini
Mhafidhina bila Mungu anahifadhi nini? Ndoa na heshima umevikuta vimelelewa na dini. Umekaa kivulini halafu unasema mti haupo.

Mkulima wa Rungwe
Shikamoo mzee. Wamoravian walifika Rungwe 1891. Ng'ombe za mahari walizikuta zizini.

Mzee wa Bandarini
Marahaba. Walizikuta zizini, na Kyala, Mungu wa Wanyakyusa, walimkuta anatajwa. Babu zako walikuwa na matambiko. Asiyeamini chochote umeanza wewe.

HuruDaima
Mimi pia siamini, ila ndugu unatutia aibu. Mahari ni kumuuza binti. Umetoka kanisani ukabeba na mabenchi yake. Kwanza hata Nyerere hakuamini, ndiyo maana akasema serikali haina dini. Alificha tu kwa sababu ya siasa.

Mama Musoma
Weee! Mengine yote ningepita kimya, hili la Mwalimu hapana. Misa ya asubuhi ilikuwa maisha yake, na Kanisa lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri 2005. Serikali kutokuwa na dini si Mwalimu kutokuwa na dini. Nyie ndio mnaotudai ushahidi kila siku?

Mkulima wa Rungwe
Mama yuko sahihi. HuruDaima, futa hiyo. Nimeaibishwa mbele ya ukoo kwa kudai chanzo, siwezi kukufumbia macho wewe eti kwa kuwa sote hatusali.
Na msidhani nilizaliwa mbishi. 2011 nilikuwa kidato cha nne. Mama alikwenda Samunge, akanywa kikombe cha Babu wa Loliondo, yule mchungaji wa dawa ya mitishamba, kwa shilingi 500, akarudi na kuacha dawa za sukari. Mwezi wa pili tangu aziache tulimbeba kwenye mkeka usiku. Alipona, nashukuru. Tangu siku hiyo nikiambiwa "inasemekana", nauliza nani kasema.

Mwana Jumuiya
Mwache Babu apumzike, amefariki 2021. Mia tano ndiyo ya kumwita mtu tapeli? Vigogo wa serikali walipanga foleni kule, mama yako angejuaje? Jibu moja tu: siku ukifa, nani atakuzika?

Mkulima wa Rungwe
Sijamwita tapeli popote. Soma tena.

Mwana Jumuiya
Hujajibu.

Mama Musoma
Swali la kuzikwa si la mchezo. Kwetu alifariki kijana aliyekuwa haonekani jumuiya wala kwenye michango. Viongozi wakakataa kumwombea. Mama yake alipiga magoti mbele ya watu. Mimi ni muumini, na siku ile nililia kwa hasira. Tulichimba kaburi sisi majirani na chama chetu cha kufa na kuzikana.

Mwana Jumuiya
Jumuiya haizuii mazishi, inazuia kutumiwa. Mtu miaka kumi hafungui mlango tukigonga, akifa ndio anatufungulia?

Mama Musoma
Aliyepiga magoti si marehemu! Ni mama yake, na yeye hakukosa jumuiya hata wiki moja!

Mzee wa Bandarini
Kwetu kumzika Muislamu ni faradhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima, haulizwi michango. Lakini aliyetangaza hadharani kuitoka dini hasaliwi, huo ndio ukweli. Kijana, hapo sikutishi. Nakuonea huruma wewe na huyo mama.

HuruDaima
Mnamtishia maiti! Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani.

Mwana Jumuiya
Katiba haichimbi kaburi.

Mkulima wa Rungwe
Nijibu. Mama akitangulia, nitasimama kanisani na kuimba nyimbo zake zote, nazijua kwa moyo. Nikitangulia mimi, afanye linalomtuliza. Mkitaka kuniita mnafiki kwa hilo, niiteni.

Nesi wa Zamu
Nimesoma kuanzia juu na hakuna aliyegusa chanjo. Niko wodini, saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Chanjo inazuia kirusi kinachoisababisha, haigusi uwezo wa kuzaa. Inatolewa nchini tangu 2018, na sasa ni dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Mkulima, shangazi yako ana binti wa umri huo?

Mkulima wa Rungwe
Anaye, wa miaka 12.

Nesi wa Zamu
Amechanjwa?

Mkulima wa Rungwe
Bado. Na shangazi hapokei simu yangu. Dada, naomba nimpe mama namba yako amfikishie shangazi, labda wewe atakusikiliza.