Vikao vya ushauri nasaha kwa simu: nani anafaa, na nini huharibika?

Nasaha_Ujiji
Wadau, salaam. Kituo cha ushauri nasaha hapa Kigoma mjini kinataka kuwahudumia kwa mtandao wateja wa Uvinza na Kasulu, maana nauli ya kila wiki inawashinda. Washauri wamegawanyika, wengine wanashikilia kwamba bila ana kwa ana hakuna tiba. Tuanze na nani?

Saikolojia_Tabora
Mkuu, hoja yao ina uzito, ila si kwa kila mteja. Sonona ya kiasi na wasiwasi uliopitiliza hutibika vizuri kwa mtandao, mradi mshauri awepo wa kufuatilia. Mteja akiachiwa programu peke yake, mara nyingi huishia njiani.

Mchujeni kwa PHQ-9, dodoso la kupima sonona: maswali 9, alama 0 hadi 27. Akifikisha 10, afanyiwe tathmini kamili. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu likizidi 0, msingoje jumla, zungumzeni naye siku hiyo hiyo. Mwenye mpango wa kujiua, au anayesikia sauti wasizosikia wengine, apewe rufaa hospitalini: huko kwenu Maweni, huku Tabora Kitete.

Kinachoharibu kazi zaidi ni faragha upande wa mteja. Simu ni ya familia, chumba kimoja, shemeji yuko mlangoni. Fungua kikao kwa maswali ya ndiyo au hapana: "Uko peke yako? Kuna anayetusikia?" Mkubaliane na maneno ya tahadhari. Akisema "bei ya dagaa imepanda", mshauri ageuze mazungumzo papo hapo yawe ya biashara.

Muuguzi_AfyaAkili
Naongezea. Tumieni sauti, achaneni na video. Inamaliza bando na ikiganda mteja hupoteza alichokuwa anakisema. Hatari ya sauti ni ukimya: mshauri anadhani mteja anatafakari, kumbe mtandao umekata. Ukimya ukifika sekunde 10, uliza taratibu, "Tuko pamoja?" Laini ikikatika, mshauri ndiye apige, kwa simu ya kawaida, ndani ya dakika 5. Mteja huenda hana salio.

Kila kikao andika mteja yuko kijiji na kitongoji gani *leo*, na namba ya mtu anayemwamini. Likitokea la kutokea, kujua tu kwamba yuko Kasulu hakumfikishi mtu mlangoni kwake.

Nasaha_Ujiji
Ahsanteni sana. Na ridhaa, inatosha akikubali kwa mdomo?

Saikolojia_Tabora
Haitoshi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi. Ndiyo maana kikao cha kwanza kifanyike ana kwa ana: anasaini, mnapanga yale maneno ya tahadhari, mnajaribu simu yake.

SMS za kukumbusha ziwe na siku na saa tu. "Ushauri wako wa sonona kesho" ikisomwa na mwenye simu, mteja hamtampata tena.