Mrejesho: maumivu ya tumbo ya kaka yangu baada ya kupandikizwa uboho

Ndugu zangu, niliuliza kama maumivu makali ya tumbo yaliyompata kaka yangu hapa Kisumu, miezi mitatu baada ya kupandikizwa seli shina (seli za uboho zinazotengeneza damu) nchini India, yangeweza kusababishwa na dawa. Jibu ni ndiyo. Sisi nyumbani tulidhani ni vidonda vya tumbo, tukapoteza siku mbili kwa maziwa na uji, jambo ninalolijutia. Lipasi (kimeng'enya cha kongosho kinachosaga mafuta) katika damu ilizidi kiwango cha juu cha kawaida kwa zaidi ya mara tatu, na kwa kuwa maumivu yalipenya hadi mgongoni, daktari alithibitisha kwamba kongosho limevimba. Ultrasaundi haikuonyesha mawe kwenye kibofu cha nyongo, mafuta na kalsiamu katika damu vilikuwa sawa, naye hanywi pombe. Ndipo shaka ikaangukia kotrimoksazoli, antibiotiki aliyoinywa kujikinga na nimonia. Ilisimamishwa, akatundikiwa maji, na lipasi ikashuka. Kabla ya kumpa dapsoni, dawa nyingine ya kinga hiyo, walimpima upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambazo dapsoni huweza kuziharibu kikipungua), upungufu ambao si haba katika maeneo yetu haya ya malaria. Takrolimasi, dawa yake ya kutuliza kinga ya mwili ambayo pia hushukiwa, hawakuigusa, kwa hofu ya seli alizopewa kuushambulia mwili wake. Tangu Jumatatu anakula ugali kidogo na samaki wa kuchemshwa bila mafuta.