Naomba ushauri: koki bado inavuja baada ya kubadili washa (kiraba cha ndani kinachozuia maji)

Habari zenu wakuu. Nipo Nkuhungu, Dodoma, ufundi ndiyo najifunza. Koki ya jikoni, ya nusu inchi, inadondosha usiku kucha. Asubuhi ndoo ya lita 10 naikuta imejaa, na huku maji ni ya mgao. Inaniuma kweli.

Nilifunga maji kwenye mita, nikatoa washa iliyolika upande mmoja, nikaweka mpya. Ikatulia siku mbili tu. Ndani, pale washa inapokaa, kuna ukoko mweupe wa chumvi, mgumu, na nikipitisha kidole nasikia kijishimo.

Je, nikilowesha kwa siki na kusugua itatosha, au ninunue koki nyingine? Nikibadili, tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja nizungushe mara ngapi kwenye thredi (ile mistari ya kufungia koki kwenye bomba)?