Mrejesho: Kalamu ya wino ya babu, Parker 51, inaandika tena

Asanteni nyote mlionijibu nilipouliza jinsi ya kuzibua Parker 51 ya marehemu babu, iliyogandiwa na wino. Nilifuata ushauri wa maji baridi na tone la sabuni ya vyombo: nikailoweka usiku kucha, kisha nikawa naminya kifuko cha kujazia mpaka maji yakatoka safi. Spiriti na maji moto nilivikwepa kama mlivyoonya, mwili wa plastiki ukasalimika. Kifuko ni cha plastiki, si mpira, ndiyo maana hakijaoza. Quink, wino wa Parker, inateremka vizuri, ingawa kwenye daftari za bei rahisi inapenya hadi nyuma. Kifuniko bado kinalegea. Fundi saa wa River Road, Nairobi, alikigeuzageuza, akanirudishia.